Mgeni Aliyejifunza Adabu Zetu

Kosa nililifanya mimi. Nalisema mwanzoni kabisa ili usisome mpaka mwisho ukitafuta mwingine wa kumlaumu. Jumatatu moja asubuhi, kwenye ukumbi wa ofisi yetu mjini Same, nilisimama mbele ya watumishi wenzangu nikasema, "Jamani, tunapata mgeni. Tuonyeshe adabu." Nimesema mengi ya kipuuzi maishani, lakini hakuna lililosikilizwa na kutekelezwa kama hilo.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya umoja wa watumia maji. Juu milimani maji hukusanywa usiku kwenye mabwawa madogo tunayoyaita ndiva, na alfajiri hufunguliwa yashuke kwenye tangawizi, maharage na migomba. Huku chini, Ndungu, Kihurio na Bendera, yanaingia kwenye mifereji ya mpunga. Kila mkulima ana zamu yake, na zamu ikikosewa watu wazima wanasimama mferejini na majembe begani wakibishana. Na sisi Wapare ndio wale tunaosemwa nchi nzima kwamba mtu wetu yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tukianza kubishana, hatumalizi siku hiyo.

Siku hizi zamu zinatumwa kwa ujumbe wa simu, ujumbe unatoka kwenye mfumo, na mfumo ulikuwa mikononi mwangu, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mtu wa kompyuta. Kwa miaka mingi ufalme wangu ulikuwa chumba kimoja kilichokuwa zamani stoo ya mbegu, chenye seva mbili, feni moja, na panya ambao hawakupewa taarifa kwamba mbegu zimehama. Ulinzi ulikuwa kufuli langu pamoja na mlinzi wa getini, mzee wa Kimaasai mwenye rungu. Hakuna mwizi wa mtandao aliyewahi kumpita yule mzee.

Halafu uongozi ukaamua twende na wakati. Seva zikabebwa kwenye pikapu, kila kitu kikahamishiwa kwenye mitambo ya kukodi iliyo mbali, sijui wapi, na nilipouliza niliambiwa kwamba swali hilo ni la kizamani. Juu ya hapo tukaletewa mlinzi mpya, akili unde. Kijana wa kampuni iliyotuuzia alikuja kutoka Dar es Salaam na shati jeupe pee, upepo wa Same ukamkaribisha kwa vumbi lote ulilokuwa nalo, na yeye akatueleza huku akijipangusa. Huyu mlinzi, alisema, hana orodha ya wezi. Yeye anajifunza watu wa nyumbani. Kwa wiki mbili atakaa kimya akimwangalia kila mmoja wetu: anaingia saa ngapi, akiwa wapi, anabonyeza nini, anakaa muda gani. Baada ya hapo atamjua kila mtu kwa tabia zake. Atakayeingia kwa jina lako lakini kwa tabia isiyo yako, atamfungia nje papo hapo, bila kumuuliza mtu.

"Kwa hiyo sisi tufanye nini hizo wiki mbili?" aliuliza mhasibu.

"Hakuna kitu," alisema kijana. "Muishi tu kama kawaida."

Kama kawaida. Niliyasikia hayo maneno kwa masikio yangu mwenyewe, nikayatupa. Maana kawaida yetu niliijua. Mhasibu wetu alikuwa akiingia saa tatu na nusu, anafungua mfumo, anauacha wazi anakwenda kunywa chai. Karani wa kituo chetu cha Bendera alianza na shamba lake kwanza, kompyuta ikaguswa saa kumi jioni, na mara nyingi aliyeigusa ni mke wake. Mwenyekiti wa umoja, mwalimu mstaafu, alikuwa ameandika paswedi yake ubaoni siku ya kwanza ili asiisahau, kwa mwandiko mzuri sana, na chini yake akapiga mstari. Mimi mwenyewe nilikuwa na majina manne ya kuingilia na nilitumia lolote lililokuwa karibu.

Na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Mwenyekiti alishaniita ofisini kwake.

"Mwanangu," alisema, "seva hazipo tena. Ripoti ya huyu mgeni ikija nzuri, nitawaambia wajumbe kwamba bado una kitu cha kusimamia. Ikija mbaya, kwa kweli sijui nitawaambia nini."

Nyumbani nilikuwa na mke na kichanga cha miezi miwili. Ndiyo maana gari la kijana wa Dar lilipotoka tu getini nikaita watu ukumbini, nikasema yale ya mgeni na adabu.

Sasa waambie watu wa kwetu kuna mgeni, halafu uone. Vikombe vya kabatini vinatoka, ugomvi unaahirishwa, na mtu ambaye hajacheka tangu Pasaka anacheka. Ofisi yetu ilifanya hivyo hivyo. Mhasibu alianza kuingia saa mbili kamili. Siku ya tatu nilimkuta nje, amefika saa moja na nusu, ameketi kwenye ngazi anasubiri saa mbili ifike, asije akaonekana ana kiherehere. Mwenyekiti alifuta ubao, akaja na suti ya harusi ya binti yake, na kila asubuhi aliinamisha kichwa kidogo mbele ya kompyuta kabla ya kubonyeza. Karani wa Bendera alikaa kwenye kiti chake kuanzia saa mbili mpaka saa kumi akifungua na kufunga ukurasa mmoja uleule, maana kazi zake huwa zinaisha kwa nusu saa, na huko shambani magugu yakaanza kuupita mpunga kwa urefu. Mimi nilichagua jina moja la kuingilia, nikachomekea shati, nikawa naondoka saa kumi kama mtu wa benki.

Hata mlinzi wa getini alikuja kuuliza.

"Huyu mlinzi mwenzangu analala wapi?"

"Halali, mzee."

"Rungu lake liko wapi?"

"Hana."

"Basi huyo ni karani," alisema, akarudi getini ametulia kabisa.

Aliyekataa kushiriki alikuwa mmoja, mama wa zamu. Nami nieleze alikuwa nani. Alikuwa mama wa Ndungu, mjane, amegawa zamu za maji kwa miaka thelathini, kwanza kwa daftari na sauti yake, baadaye kwa simu na mfumo. Orodha za zamu zilikuwa zinatoka kwake. Alikuwa amebakiza msimu mmoja wa mpunga astaafu, na hakuna mkulima, hata awe mkorofi kiasi gani, aliyewahi kusema kwamba alimpendelea mtu. Huko kwetu hiyo ni sifa kubwa kuliko kuombewa kanisani. Baada ya hotuba yangu alinifuata mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo mgeni wako atakaa siku ngapi?"

"Haondoki tena mama. Ndiyo kaja moja kwa moja."

"Basi huyo si mgeni, ni mwenzetu. Mtu wa kukaa naye mimi nampikia makande, simchezei ngoma. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Hana mikono mama."

"Shauri yake," alisema, akaondoka zake.

Na kweli hakubadilisha kitu. Saa kumi na moja alfajiri, jiko lake likiwa linawaka, aliingia kwenye mfumo kwa simu, kwa sababu ndiva hufunguliwa saa hiyo na maji hayasubiri mtu achomekee shati. Halafu alipanda bodaboda akayafuata maji. Akaonekana Ndungu, kisha Kihurio, kisha Bendera, yote kabla ya chai ya saa nne. Alifungua jina la mkulima, akaliacha wazi nusu saa kwa sababu kuna mtu amekuja kumsalimia, na salamu za kwetu haziishii kwa watoto, zinakwenda mpaka kwa ng'ombe. Kisha kwa mkupuo mmoja akatuma ujumbe kwa watu mia mbili. Leo amewabadilishia zamu majirani wawili, kesho amewarudisha. Paswedi yake hakumpa mtu yeyote, hata mimi. Niliwahi kuiomba ili nimsaidie kitu, akaniambia, "Marehemu mume wangu hakuijua, na alikuwa mtu mwema kuliko wewe."

Ripoti ilikuja Ijumaa ya wiki ya pili. Mwenyekiti aliifungua mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Ukurasa mzima ulikuwa wa kijani. Mhasibu wa kijani, karani wa Bendera wa kijani, mwenyekiti wa kijani, mimi wa kijani kama shamba la mpunga mwezi wa pili. Watu ishirini na wawili walikuwa salama. Chini kabisa, peke yake, kulikuwa na jina moja jekundu. Tabia isiyofanana na ya wenzake wote. Hatari ya juu. Pendekezo: aondolewe kwenye mfumo.

"Ee," alisema mwenyekiti. Alivua miwani, akaivaa tena. "Mama wa watu. Lakini mashine haina ukoo wala kanisa. Haiwezi kumwonea mtu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilijua fika kwa nini jina lile ni jekundu. Mgeni alikuwa ameangalia watu ishirini na wawili wanaoigiza na mmoja anayeishi, akashangaa ni nani huyu anayefanya tofauti. Lakini kusema hivyo kulikuwa ni kusema kwamba kijani chote kile ni rangi ya kupaka, na kwamba aliyeipaka ni mimi. Nilifikiria kichanga changu. Nilifikiria mkataba. Nikanyamaza.

"Jumatatu saa nane tutakaa kikao," alisema mwenyekiti. "Apumzishwe mapema, kwa heshima. Umefanya kazi nzuri, mwanangu."

Sijawahi kuchukia sifa kama nilivyoichukia ile. Na kama hiyo haitoshi, jioni ileile mama wa zamu akapita ofisini akiwa na mfuko wa mchele wa shambani kwake.

"Wa mzazi," alisema. "Apikiwe uji kwanza, wali baadaye. Na wewe usiule wote."

Nilisema asante bila kumtazama usoni. Mke wangu aliupika Jumapili baada ya ibada, ukanukia nyumba nzima, na mimi nikala vijiko viwili nikasema nimeshiba. Mke wangu aliniangalia akasema, "Wewe una jambo." Nikasema ni uchovu. Niliona aibu, na huo ndio ukweli.

Jumatatu ikafika. Kipindi cha kujifunza kilikuwa kimekwisha Jumapili, na mlinzi mpya akaanza kazi rasmi. Sasa hakuwa tena akitulinganisha sisi kwa sisi. Kuanzia siku ile kila mtu alipimwa kwa tabia yake mwenyewe ya zile wiki mbili. Lakini wenzangu walikuwa wameshachoka na adabu. Ripoti imetoka, sote wa kijani, mgeni ameshatuzoea, basi tupumue.

Mhasibu alifika saa tatu na nusu kama zamani. Akabonyeza, mfumo ukamtazama, ukaandika: Wewe si mhasibu. Sawa, haukusema hivyo hasa, ulisema tabia ya mtumiaji haijatambulika, lakini yeye alielewa hivyo na akakasirika sana. Mwenyekiti akajaribu akiwa nyumbani, amevaa kikoi, kwa kompyuta ya binti yake. Akafungiwa. Kituo cha Kihurio wakafungiwa. Milimani wakafungiwa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyefungiwa alinipigia simu kuniambia mfumo umegoma, kana kwamba mfumo ni punda wangu. Nikaingia kwa haraka kuwafungulia. Nilimfungulia mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, mbiombio, nikirukia majina yangu yote manne. Basi mgeni akaona kuna mtu anayefungua milango ya nyumba nzima kwa kasi, mtu ambaye kwa wiki mbili alimfahamu kama bwana mtulivu wa jina moja. Akanifungia na mimi. Wale watatu akawafungia upya.

Nikawapigia wale wa Dar kwenye namba yao ya msaada. Ikapokea akili unde nyingine, yenye sauti ya upole kama ya muuguzi, ikaniomba nithibitishe kwamba mimi ni mimi kwa kuingia kwenye akaunti yangu.

"Akaunti ndiyo imefungwa," nilisema.

"Pole sana," ilisema. "Ili nikusaidie kuifungua, tafadhali ingia kwenye akaunti yako."

Tuliendelea hivyo robo saa nzima. Mzee wa getini alikuwa dirishani anasikiliza. Aliniuliza kama yule ninayemfokea ni mke wangu.

Saa nane wajumbe watano wakafika kwenye kikao, mama wa zamu akaitwa, akaketi kwenye kiti cha pembeni na pochi yake mapajani. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao. Mwenyekiti akafungua kwa sala, akakohoa, akanigeukia.

"Leta ripoti."

"Ipo kwenye mfumo, mwenyekiti. Yeyote aliye ndani anaweza kuifungua."

"Ya karatasi?"

"Tuliambiwa karatasi ni za kizamani."

Sasa kwetu kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Tuhuma husomwa mbele ya mtuhumiwa, mwanzo mpaka mwisho, neno kwa neno, la sivyo kesi imekufa na aliyeileta ndiye anayeshitakiwa. Wajumbe wote watano walikuwa wanalijua hilo, na mmoja wao alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba aliyorithi kwa babu yake, kwa hiyo alilijua zaidi. Mwenyekiti akajaribu kuingia. Hapana. Mhasibu akaitwa, hapana. Wakaniangalia mimi, nikatazama sakafu.

"Hakuna hata mtu mmoja aliye ndani ya mfumo wa umoja huu?" aliuliza mwenyekiti, kwa sauti aliyowahi kuitumia kwa darasa la saba.

"Mimi nipo," alisema mama wa zamu. "Nimetuma zamu alfajiri kama siku zote."

Wajumbe wote wakamgeukia. Mimi nilielewa kabla ya wengine, na nusura nicheke, na nusura nilie. Yeye alikuwa ameamka kama alivyozoea na kubonyeza kama alivyozoea, na mgeni akamwona akasema, huyu namjua. Lile jina jekundu lilikuwa bado halijaondolewa kwa sababu kumwondoa mtu kulihitaji kibali cha mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa amefungiwa nje. Wakulima wote wa tambarare walikuwa wamepata maji asubuhi ile kwa sababu ya mtu mmoja tu, yule wa hatari.

"Basi mama," alisema mwenyekiti, na nilimwonea huruma, "tusaidie kuisoma hiyo ripoti."

Alitoa simu kwenye pochi, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akatafuta taratibu kwa kidole kimoja. Alipoipata aliisoma kwa sauti, wazi, kama anavyosoma neno kanisani.

"Mtumiaji huyu huingia kabla ya mapambazuko." Akainua macho. "Kweli."

"Huonekana sehemu tatu tofauti ndani ya asubuhi moja. Kweli. Muulizeni mgongo wangu."

"Hukaa kimya muda mrefu, kisha hufanya mambo mengi kwa ghafla." Alifikiri kidogo. "Hata marehemu alilalamika hivyo."

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mama akaendelea.

"Hubadilisha mpangilio wa watu bila sababu inayoeleweka." Hapo aliacha kusoma. "Hili si kweli. Sababu ipo. Yule mama wa mfereji wa pili alifiwa na mtoto wake wiki ile. Maji yangefika kwake yuko makaburini. Nikampa jirani, baada ya matanga nikamrudishia. Mashine haikuniuliza, ningeiambia."

Akarudi kwenye simu.

"Pendekezo. Mtumiaji huyu aondolewe." Aliisoma hiyo nayo kwa sauti ileile, haikupanda wala kushuka. Akavua miwani, akamgeukia mwenyekiti. "Nimemaliza. Naweka sahihi wapi?"

Mimi nilisimama. Sikupanga kusimama, miguu ndiyo iliamua. Nikasema yote. Nikasema kijana wa Dar alitwambia tuishi kama kawaida, na mimi ndiye niliyewaambia watu waigize. Nikasema kwamba Ijumaa nilijua na nikanyamaza kwa ajili ya mkataba wangu. Nikasema mashine haikudanganya, sisi ndio tuliidanganya, na ilichofanya ni kumshangaa mtu mmoja aliyekataa kuidanganya. Nikasema pia habari za mchele, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nilipomaliza nilikuwa nimeivunja kalamu ya kikao.

Mwenyekiti alinyoosha mgongo. Ualimu haumtoki mtu.

"Kwa hiyo," alisema, "darasa zima tuliibia mtihani, na aliyefanya wa kwake ndiye tuliyetaka kumpa sifuri."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na mimi nilivaa suti."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Kaa chini."

Ile akili unde ya namba ya msaada, nilipoipigia tena mbele ya kikao, hatimaye ikapata njia. Ilisema kama kuna mtumiaji yeyote anayetambulika, yeye anaweza kutudhamini wengine, mmoja mmoja. Alikuwepo huyo mmoja. Basi jioni ile watumishi wa ofisi kuu walipanga foleni mbele ya kiti cha mama wa zamu, na wa vituoni wakawa wanapiga simu, na kila jina lilipotokea kwenye simu yake lilikuja na swali: Unamfahamu mtu huyu? Alimuuliza mhasibu ni saa ngapi hasa anafika kazini, akasubiri mpaka jibu la kweli lilipotoka, ndipo akabonyeza. Kwa mwenyekiti alibonyeza bila swali, kwa heshima ya mvi.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Jina langu likatokea. Aliliangalia, akaniangalia mimi, akasoma lile swali kwa sauti.

"Unamfahamu mtu huyu?" Akarekebisha miwani. "Nilidhani namfahamu."

Kisha akabonyeza ndiyo. Nimekemewa na baba, na mchungaji, na mama mkwe, lakini hakuna aliyenipata kama yeye.

Kesho yake mwenyekiti akatoa barua kwa mkono wake, na nakala yake ninayo mpaka leo kwa sababu sidhani kama kuna nyingine nchini. Ilisema mgeni ataanza kujifunza upya kwa wiki mbili, na katika kipindi hicho watumishi wote wanaelekezwa kuchelewa kama walivyokuwa wakichelewa. Mhasibu alilia kwa furaha. Mke wa karani wa Bendera akapewa jina lake mwenyewe la kuingilia, na baada ya siku chache ikaonekana kwamba miaka yote hiyo karani alikuwa yeye. Ubaoni hapakuandikwa kitu tena. Ripoti ya pili ilipotoka ilikuwa na rangi zote, kijani, njano, chungwa, kama kanga ya sikukuu, na wajumbe wakaijadili wakaridhika kwamba sasa ndiyo sisi. Jina jekundu halikuwepo. Mimi nikapewa mkataba wa msimu mmoja wa mpunga, sawasawa na ule aliobakiza mama.

Msimu ukaisha, akaagwa kwa soda na mbuzi, zamu zikapokewa na mke wa yule karani, na mimi nikaongezewa msimu mwingine. Kesho yake asubuhi nilikuta tangazo kwenye kompyuta yangu, lenye mstari mwekundu pembeni. Saa kumi na moja alfajiri imepita. Mtumiaji hajaingia. Hii si kawaida yake. Tafadhali hakikisha.

Ningeweza kulifuta kwa kubonyeza mara moja. Badala yake nilipanda gari la Ndungu. Nilimkuta uani anachambua maharage ya makande, nikamwamkia, nikamwonyesha tangazo kwenye simu. Alivaa miwani akalisoma mpaka mwisho, mara mbili.

"Inanitafuta?"

"Inakutafuta, mama."

Alirudisha macho kwenye maharage, akatoa moja bovu akalitupia kuku.

"Wewe je?"

"Na mimi."

"Basi keti, makande hayajaiva."

Chini ya tangazo kulikuwa na kisanduku cha kujaza sababu. Nilikijaza palepale uani, sahani ikiwa magotini: Amestaafu. Ni mzima. Anakusalimia.